Kaimu wa Mto: Historia Fupi ya Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile

Katika ofisi za umma, barua ya kukaimu haina maneno mengi. Humtaja mtu, hutaja kiti, kisha humwagiza huyo mtu akikalie kiti hicho mpaka apatikane mwenyewe. Kaimu hupewa kazi zote za mkubwa lakini hapewi mamlaka yote. Saini yake hutanguliwa na herufi tatu, KNY, kwa niaba ya. Anaweza kuitisha kikao, ila akigoma mtu kuja, hana la kumfanya. Na kwa kawaida ukaimu huhesabiwa kwa miezi.

Ushirikiano wa Nchi za Bonde la Mto Nile, maarufu kwa kifupi chake NBI, ulizaliwa na barua ya namna hiyo. Tarehe 22 Februari 1999 mawaziri wa maji wa nchi tisa walikutana Dar es Salaam wakaunda chombo cha mpito. Kilitakiwa kusimamia ushirikiano wa mto mpaka nchi zikubaliane juu ya mkataba, na mkataba huo uzae kamisheni ya kudumu. Mkataba ulipata nguvu ya kisheria mwezi Oktoba 2024. Muda wote huo, robo karne na miezi yake, kaimu alikuwa kitini.

Kila tarehe 22 Februari nchi za bonde huadhimisha Siku ya Nile. Huwa kuna hotuba, maandamano ya wanafunzi na maonyesho. Lakini anayetaka kujua kinachoadhimishwa hasa, inampasa aulize maswali matatu ambayo huulizwa kaimu yeyote: ulikuta nini, ulifanya nini, na unamkabidhi nini ajaye?

Alichokikuta: sheria ya barua mbili

Nile ina urefu wa zaidi ya kilomita 6,600, na bonde lake linagusa nchi 11: Burundi, Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan Kusini, Ethiopia, Eritrea, Sudan na Misri. Lakini mto huu ni mito miwili iliyooana. Nyanda za juu za Ethiopia hutoa takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan, nayo huja kwa kishindo cha msimu wa mvua. Maziwa Makuu hutoa sehemu iliyobaki, haba kwa kiasi lakini haikatiki mwaka mzima. Mvua hizi zote hunyesha mbali na Misri, nchi ambayo karibu maji yake yote ya kunywa na ya kumwagilia hutoka mtoni humo. Misri haina chanzo, na nchi za vyanzo kwa muda mrefu hazikuwa na bwawa wala mfereji wa maana. Sheria za mto ziliandikwa juu ya tofauti hiyo.

Mwaka 1902 Uingereza, iliyokuwa ikitawala Sudan, ilipata ahadi ya Mfalme Menelik II wa Ethiopia kwamba hatajenga kitu cha kuzuia maji kwenye Nile ya Bluu, Ziwa Tana wala mto Sobat bila makubaliano nayo. Kisha ukaja mwaka 1929. Tarehe 7 Mei Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, alimwandikia barua Lord Lloyd, Kamishna Mkuu wa Uingereza mjini Cairo, naye Lord Lloyd akajibu. Barua hizo mbili ndizo zilizokuwa mkataba. Misri ilitambuliwa mita za ujazo bilioni 48 kwa mwaka, Sudan bilioni 4. Zaidi ya hapo, Uingereza ikakubali kwamba hakutajengwa mradi wa umwagiliaji wala wa umeme kwenye mto, matawi yake au maziwa yanayoulisha, katika nchi ilizozitawala, iwapo mradi huo ungepunguza maji ya Misri, mpaka Misri iridhie.

Hapo ndipo ilipopigwa KNY ya kwanza ya Nile. Uingereza ilisaini kwa niaba ya wakulima wa Bukoba, wavuvi wa Kisumu na wafugaji wa Teso, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Baada ya Sudan kupata uhuru wake mwaka 1956, iliudai mgawo huo upya. Matokeo yake ni mkataba wa tarehe 8 Novemba 1959. Ulikadiria kwamba mita za ujazo bilioni 84 hufika Aswan kwa mwaka. Kati ya hizo, bilioni 10 ziliachiwa jua na ardhi, Misri ikachukua bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5. Ukijumlisha, hakuna hata lita moja iliyobaki. Ethiopia, ambako maji mengi hutoka, haikuitwa mezani. Nchi za Maziwa Makuu zilikuwa bado makoloni.

Barua ya Tanganyika

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Julius Nyerere alikuta kabati la mikataba iliyosainiwa na wengine. Angeweza kuikubali yote, au kuikataa yote. Alichagua njia ya tatu: mikataba ya nchi mbili mbili ingeendelea kuheshimiwa kwa miaka miwili, na katika muda huo nchi ingeamua upi unafaa kubaki na upi uachwe. Msimamo huo ulipelekwa Umoja wa Mataifa, na hadi leo wanafunzi wa sheria za kimataifa huusoma kwa jina la Nyerere.

Kwa Nile, Tanganyika haikungoja miaka miwili ikamilike. Tarehe 4 Julai 1962 serikali iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haijifungi na makubaliano ya 1929. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: nchi huru haiwezi kuomba ruhusa ya nchi nyingine kutumia maji ya ziwa lake yenyewe, kwa sababu tu mtawala aliyeondoka aliwahi kuahidi hivyo. Barua hiyo haikudai kuwa Misri haina haki ya maji. Ilitaka mazungumzo mapya kati ya watu wanaojisemea wenyewe. Misri ilijibu kwamba makubaliano yale yangali na nguvu mpaka yajadiliwe upya.

Tangu siku hiyo Nile ikawa na sheria mbili zilizotazamana. Nchi za chini ya mto zilisema mikataba ipo. Nchi za juu zilisema mikataba ilikufa pamoja na ukoloni. Kila kilichofuata, pamoja na NBI yenyewe, kilikuwa jaribio la kutafuta sentensi ambayo pande zote mbili zingeweza kuisoma bila kusimama na kutoka nje.

Watangulizi wanne

Kabla ya NBI palikuwa na watangulizi, na kila mmoja aliacha kitu.

Wa kwanza alizaliwa na gharika. Kati ya 1961 na 1964 mvua zilipandisha Ziwa Victoria kwa takriban mita mbili na nusu. Magati yalizama, mashamba ya kando ya ziwa yakageuka madimbwi, na nchi zote zikagundua kwamba hazina vipimo vya kueleza kilichotokea. Mwaka 1967 Misri, Sudan, Uganda, Kenya na Tanzania, zikisaidiwa na Umoja wa Mataifa, zilianzisha mradi wa kupima mvua na maji ya maziwa Victoria, Kyoga na Albert. Mradi huo, uliojulikana kwa jina la Hydromet, makao yake yalikuwa Entebbe. Ulidumu hadi 1992. Serikali zilizokuwa zikikataliana kisheria zilisoma mita zilezile kwa robo karne.

Wa pili ni Jumuiya ya Bonde la Kagera. Mkataba wake ulisainiwa Rusumo mwaka 1977 na Rwanda, Burundi na Tanzania, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Ilikuwa na ndoto kubwa, ikiwamo bwawa la umeme palepale Rusumo. Fedha hazikupatikana, kisha vita vikaja, na mwaka 2004 ilivunjwa. Ndoto yake ya umeme haikufa nayo, kama tutakavyoona.

Wa tatu ana jina linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1983 mjini Khartoum, kwa juhudi za Misri, lilianzishwa kundi la mashauriano la nchi za bonde likaitwa Undugu. Cairo na Khartoum, miji ya Waarabu, zilikuja kuazima neno kwetu. Undugu lilikuwa kundi la mazungumzo, halikuwa na meno, na Ethiopia na Kenya zilibaki waangalizi.

Wa nne, aliyeitwa TECCONILE, alianzishwa Kampala mwishoni mwa 1992 na nchi sita, akaweka ofisi Entebbe. Kazi yake ilikuwa ya kitaalamu zaidi: mazingira, ubora wa maji, takwimu. Sambamba naye, kuanzia 1993, wataalamu wa bonde walianza kukutana kila mwaka katika mikutano iliyozunguka kutoka mji hadi mji. Mwaka 1995 zamu ilikuwa ya Arusha, na mwaka huohuo mpango wa utekelezaji wenye miradi 22 ukaandaliwa. Mmoja wa miradi hiyo ulijulikana kwa namba tu, D3. Ulihusu jambo moja: kutengeneza msingi wa kisheria na wa kitaasisi wa ushirikiano. Jalada la D3 ndilo lililokuja kuwa mkataba uliopata nguvu 2024.

Jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu ilionekana mwaka 1997. Umoja wa Mataifa ulipopigia kura mkataba wa dunia kuhusu mito inayovuka mipaka, nchi 103 zilisema ndiyo. Za Bonde la Nile zilitawanyika: Kenya na Sudan zilikubali, Burundi ilikataa, na Misri, Ethiopia, Rwanda na Tanzania zilijizuia kupiga kura. Dunia ilikuwa imepata sheria ya mito, na Nile ikabaki bila ya kwake.

Dar es Salaam, Februari 1999

Ni vizuri kukumbuka nani aliketi na nani siku ile. Vita vya Kongo vilikuwa na miezi sita, na majeshi ya Uganda na Rwanda yalikuwa ndani ya ardhi ya Kongo. Uganda na Sudan zilikuwa zimevunja uhusiano wa kibalozi tangu 1995. Ethiopia na Eritrea zilikuwa vitani, na mwezi uleule wa Februari mapigano yalikuwa yamepamba moto mpakani. Burundi ilikuwa imefunguliwa vikwazo vya majirani zake mwezi mmoja tu kabla. Ndani ya Sudan, kaskazini na kusini walikuwa wakiuana.

Mawaziri wa Burundi, Ethiopia, Kenya, Kongo, Misri, Rwanda, Sudan, Tanzania na Uganda walikaa chumba kimoja, Eritrea ikiwa mwangalizi. Hawakutatua hata vita kimoja kati ya hivyo, wala hawakujaribu. Walichokubaliana ni dira ya sentensi moja: maendeleo endelevu ya watu, kupitia matumizi yenye usawa ya maji ya Nile na manufaa yatokanayo nayo. Neno "manufaa" liliwekwa kwa makusudi. Maji yakigawanywa, anayepata zaidi humpunguzia mwenzake. Manufaa, yaani umeme, chakula, biashara, kinga dhidi ya mafuriko, yanaweza kuongezeka kabla ya kugawanywa. Dira hiyo haikutaja mwaka 1929 wala 1959. Kutokutaja ndiko kulikowawezesha wote kusaini.

Chombo kilipewa ngazi tatu: Baraza la Mawaziri wa Maji, ambalo uenyekiti wake huzunguka, Kamati ya Ushauri ya wataalamu kutoka kila nchi, na Sekretarieti, iliyowekwa Entebbe, kwenye mji uleule uliokuwa umehifadhi mita za Hydromet. Uganda ilitunga sheria mwaka 2002 kuipa hadhi ya kisheria nchini humo. Mkurugenzi Mtendaji wa kwanza alikuwa Mtanzania, Meraji Msuya, na baada yake kiti kikazunguka kati ya nchi wanachama.

Alichokifanya: kazi bila mamlaka

Kaimu mwenye busara hutafuta kazi ambazo hakuna atakayempinga akizifanya. Mwezi Juni 2001 wahisani walikutana Geneva wakaahidi zaidi ya dola milioni 100, na kuanzia 2003 mfuko wa pamoja chini ya usimamizi wa Benki ya Dunia ukaanza kugharimia programu za kujenga imani. Miradi ilitapanywa kwa makusudi. Biashara ya umeme ilipelekwa Dar es Salaam, mazingira Khartoum, mafunzo Cairo, kilimo Nairobi, mipango ya rasilimali za maji Addis Ababa. Mhandisi wa Misri akawa analazimika kupanda ndege kwenda kumwona mwenzake wa Ethiopia, na mwalimu wa Rwanda kwenda darasani Cairo. Wengi waliofanya kazi hizo walikuja kuwa wakurugenzi na makatibu wakuu katika wizara za nchi zao, wakiwa na namba za simu za wenzao mfukoni.

Utekelezaji nao uligawanywa mara mbili. Nile ya Mashariki, yenye Ethiopia, Sudan na Misri, ilipata ofisi yake Addis Ababa. Nchi za Maziwa Makuu zilipata ofisi yao, ambayo iko Kigali, na huko ndiko matunda ya kushikika yalikoonekana zaidi. Kagera, Mara, na mito ya Sio, Malaba na Malakisi iliyo mpakani mwa Kenya na Uganda ilipata mipango ya pamoja ya usimamizi.

Tunda kubwa kuliko yote liko Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda na Tanzania, mahali palepale pa mkataba wa 1977. Mradi wa umeme wa megawati 80, unaomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania, ulianza kuzalisha mwaka 2023. Kwa viwango vya Nile ni mradi mdogo. Lakini watu wa Ngara (Tanzania), Kirehe (Rwanda) na Muyinga (Burundi) wanagawana mtambo mmoja na bili ya matengenezo moja. Daraja la Rusumo liliwahi kupitisha wakimbizi; leo nchi hizo tatu zinapokea umeme kutoka kando ya daraja hilo.

Kazi nyingine haionekani kwa macho. Mwaka 2009 nchi ziliafikiana taratibu za muda za kubadilishana takwimu. Mwaka 2012 ilizinduliwa programu ya kompyuta ambayo kila nchi inaweza kuitumia kukokotoa nini kitatokea chini ya mto bwawa likijengwa juu. Mwaka huohuo ilitoka taarifa ya kwanza ya hali ya bonde zima, na 2016 ikafuata atlasi ya maji. Anayedhani hayo ni makaratasi, akumbuke 1964, wakati ambapo ziwa lilipanda na hakuna aliyejua kwa nini.

Wakati huohuo serikali hazikulala zikimsubiri kaimu. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kujenga bomba la kutoa maji Ziwa Victoria, kutoka Ihelele wilayani Misungwi, kuyapeleka Kahama na Shinyanga. Haikuomba ridhaa ya Cairo. Kwa Nile nzima, maji yale ni tone. Kwa mama wa Shinyanga aliyekuwa akichimba mchanga wa mto mkavu kutafuta ndoo moja, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Miaka zaidi ya 40 baada ya kuandikwa, barua ya 1962 ilikuwa imefika bombani.

Sentensi iliyokwama

Kazi iliyomleta kaimu kitini, hata hivyo, ilikuwa mkataba. Timu za majadiliano zilifanya kazi miaka mingi na zikakubaliana karibu vifungu vyote: matumizi ya haki na usawa, kutomsababishia jirani madhara makubwa, kubadilishana taarifa, kulinda vyanzo, kuunda kamisheni yenye makao Entebbe. Walipofika kwenye hatima ya mikataba ya zamani wakakwama. Wapatanishi wakabuni njia ya kuizunguka: badala ya kusema mikataba ipo au haipo, wakaleta dhana ya "usalama wa maji", yaani haki ya kila nchi kupata maji ya uhakika kwa afya, riziki na mazingira.

Ikabaki sentensi moja, kifungu cha 14(b). Nchi za juu zilitaka kila nchi iahidi kutoathiri kwa kiwango kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri na Sudan zilitaka ahadi iwe ya kutoathiri vibaya usalama wa maji pamoja na matumizi na haki za sasa. Tofauti ni maneno machache. Lakini wanasheria wa pande zote walijua kuwa "haki za sasa" ulikuwa mlango wa uani ambao 1929 na 1959 zingeingilia tena. Misri iliona kuuondoa mlango huo ni kuachia akiba ya watu wake kwa hiari ya majirani. Nchi za juu ziliona kuuweka ni kusaini kwa mikono yao kile ambacho Lord Lloyd alikisaini kwa niaba yao.

Kinshasa, Mei 2009, mawaziri walio wengi waliamua kifungu kiwekwe pembeni kama kiambatisho, na kamisheni ikishaundwa ikimalize ndani ya miezi sita. Misri haikukubali. Alexandria, Julai 2009, muda ukaongezwa. Sharm el-Sheikh, Aprili 2010, subira ikaisha. Tarehe 14 Mei 2010, Entebbe, mkataba ulifunguliwa kwa saini, na siku hiyohiyo Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zikasaini. Kenya ilifuata siku tano baadaye, na Burundi tarehe 28 Februari 2011. Kongo haikusaini.

Misri na Sudan zilisitisha ushiriki wao. Hapo ikatokea hali ambayo ni kaimu tu angeweza kuikuta. Zamu ya ukurugenzi ilikuwa imeifikia Misri, hivyo kuanzia 2010 hadi 2012 Sekretarieti iliongozwa na Mmisri, Wael Khairy, wakati nchi yake imejitoa katika shughuli za chombo anachokiongoza. Ofisi haikufungwa. Sudan ilirudi miaka michache baadaye, na Sudan Kusini, iliyopata uhuru Julai 2011, ilipokelewa mwaka 2012.

Katika kipindi hichohicho mgogoro mkubwa kuliko yote ulipita mbele ya mlango wa NBI bila kubisha hodi. Aprili 2011 Ethiopia ilianza kujenga Bwawa Kuu la Ufufuo kwenye Nile ya Bluu, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 74. Ethiopia, Sudan na Misri zilisaini tamko la kanuni mjini Khartoum Machi 2015, zikakwama, na suala likapelekwa Washington, Umoja wa Afrika na Baraza la Usalama. Bwawa lilizinduliwa Septemba 2025 bila mkataba wa namna ya kuliendesha. Kumbukumbu ya uaminifu lazima iseme hivyo: palipohitajika mamlaka, kaimu hakuwa nayo, na waliogombana walilijua hilo.

Kuridhia mkataba nako kulikwenda kwa mwendo wa mto uliofika tambarare. Ethiopia na Rwanda ziliridhia 2013, Tanzania 2015, Uganda 2019, Burundi 2023. Kila tukio lilikuwa na miaka yake. Nchi sita zilihitajika, na ya sita ikawa ile changa kuliko zote, Sudan Kusini, mwaka 2024. Mkataba ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Siku moja kabla, Misri na Sudan zilitangaza kwamba mkataba huo hauzifungi. Miaka 62 baada ya barua ya Tanganyika, hoja ilikuwa ileile, ila waliokuwa wakiitoa walikuwa wamebadilishana viti.

Hati ya makabidhiano

Sasa mwenye kiti amepatikana: Kamisheni ya Bonde la Mto Nile. Kwa desturi ya ofisi zetu, kaimu anapoondoka huandika hati ya makabidhiano. Ya NBI haiwezi kuwa fupi, na ndani yake kuna jambo lisilo la kawaida. Kaimu alikuwa na watu wengi kuliko mwenye kiti. Chini ya NBI, ambayo haikuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu, nchi kumi zilihesabiwa wanachama, na Eritrea ilikuwa na kiti cha mwangalizi. Kamisheni yenye nguvu ya kisheria inaanza na nchi sita. Kenya imesaini lakini haijaridhia. Kongo haijasaini. Misri na Sudan ziko nje, nazo ndizo zinazonywa sehemu kubwa ya mto.

Kwa hiyo kinachokabidhiwa si ofisi na samani za Entebbe. Ukurasa wa kwanza wa hati hiyo ungetaja kifungu cha 14(b), kilichowekwa kwenye kiambatisho kisubiri miezi sita ambayo hesabu yake ndiyo kwanza inakaribia kuanza. Ukurasa wa pili ungetaja viti vilivyo wazi, na maelekezo kwamba visiondolewe mezani. Yaliyobaki yangekuwa orodha ndefu ya vituo vya kupimia maji, jina kwa jina, mto kwa mto.

Orodha hiyo ndefu ndiyo urithi wenyewe. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka kiwango cha 1964, gharika iliyozaa Hydromet. Nyumba zilizama tena Kisumu, Mwanza na Jinja. Safari hii, tofauti na ile, wataalamu wa nchi zote walikuwa na tarakimu moja mkononi na hawakubishana kuhusu mita. Walibishana kuhusu mengine, na wataendelea. Lakini kipimo cha Jinja husomwa, na anayekisoma hapigi KNY. Anaandika kile alichokiona majini, na chini yake anaweka jina lake.